Kikombe cha Enea

Kitulo, upande wa Makete
Jumanne asubuhi

Dada yangu Fausta,

Shikamoo. Kamwene, na Mama naye umpe kamwene yangu. Najua barua hii itakukuta na unga mikononi, kwa hiyo futa mikono kwanza, kaa, ndipo uifungue. Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu tangu Yusta aondoke, sisi wa nyumba ile tukiona karatasi iliyokunjwa mioyo inaanza kwenda mbio.

Goti lako linaendeleaje? Ulisema ukikaa sana kwenye kigoda linakufa ganzi. Mwambie shemeji Gaudensi akutengenezee kigoda kirefu kidogo, mbao anazo. Na Mama huko Mahongole, bado hataki kulimiwa? Mimi mwili ni mzima. Baridi nimeizoea, ila mikono imepasuka, ndiyo maana mwandiko unayumba. Kazi ni ile ile ya kutunza nyumba ndogo ya wageni: napasua kuni, nachemsha maji ya kuoga, nafagia. Mwezi huu uwanda wote umechanua, meupe, ya njano, ya zambarau, mpaka mtu anaogopa kukanyaga. Yusta aliwahi kuniuliza, tukiwa tumekaa stendi ya Njombe yeye akimenya peasi, kama ni kweli kuna mahali maua yanaota mengi hivyo bila kupandwa na mtu. Nikamwambia tutakwenda kuona. Alikunja maganda ya peasi kwenye leso ili asitupe chini. Sijui kwa nini nakumbuka maganda.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na pale juu hukosi watu watatu wanaoutafuta. Jambo hili sitaki lisikike. Tena kusema kweli nimepanda kile kilima mara tatu kukupigia, na mara zote tatu simu ilipoanza kuita niliikata. Nilikuwa na aibu. Sasa aibu nimeiweka pembeni kwa sababu muda umekwisha. Nataka unisaidie, na ili unisaidie lazima ujue nilichofanya. Nitakueleza kwa mpangilio.

Hapa kijijini kuna kikundi cha usafi. Kila Jumamosi tunapanda uwandani kuokota taka zinazoachwa na wageni: chupa za maji, makopo, karatasi za biskuti, pempasi. Usidhani ni wazungu tu. Ni wanafunzi, ni wanakwaya, ni maharusi wanaokuja kupiga picha katikati ya maua. Nilijiunga kwa sababu Jumamosi ndiyo siku tuliyomzika Yusta na sikutaka kuikaa ndani. Wanaume tuko wawili, na mwenzangu ana mgongo mbovu, kwa hiyo mzigo wote naubeba mimi. Akina mama wananiita Baba Gunia. Niliipenda kazi hiyo, dada. Kwa saa chache mtu anatazama chini na kila anachokiona anajua akifanyie nini.

Mwenyekiti wetu ni Mama Neema, mama mcheshi aliyeolewa hapa akitokea Mbeya. Mwanzoni tulikuwa tunabishana sana. Mmoja anaokota kamba, mwingine anamwambia aache, labda ni ya mfugaji. Kitambaa, gogo lililochongwa, debe bovu, kila kimoja kikao. Mama Neema akachoka, akatupa kanuni moja.

"Angalieni kitu kimoja tu," akasema. "Kinaota au hakioti? Kikiota, kiacheni. Kisichoota, okota."

Tuliipenda kanuni hiyo kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Ikawa ndiyo utani wetu. Mzee mwenzangu akisinzia kwenye mapumziko, mmoja anauliza, "Huyu anaota?" na wengine wanajibu, "Mleteni gunia."

Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu kulikuwa na taka nyingi na ukungu mzito. Wengine walishuka mtoni, mimi nikaenda upande wa kilima kidogo ambako wageni wameanzisha njia mpya ya kufikia maporomoko. Mama Neema alikuwa nyuma yangu, namsikia bila kumwona vizuri. Kwenye majani nikakuta kikombe cha bati, cha bluu, kidogo, cha kunywea mtoto. Kilikuwa kimefunikwa mdomo chini. Nikakiinua. Majani yaliyokuwa chini yake yalikuwa meupe kama ngozi iliyofungwa bandeji. Kitako chake kilikuwa na tundu.

"Mama Neema," nikaita, "siku hizi wanatupa mpaka vikombe."

"Kinaota?"

"Hakioti."

"Sasa unaniuliza nini, Baba Gunia?"

Nikakitia guniani. Palikuwa na mawe yamezama kwenye majani, nikakalia moja, nikafunga kamba ya buti, nikaendelea. Dada, nilikuwa nimekalia kaburi la mtoto.

Ningepaswa kujua. Bibi yetu alipozikwa waliweka bakuli lake juu ya udongo, wamelitoboa ili lisimfae mtu mwingine. Wewe ulikuwa umenishika mkono. Niliuliza kwa nini wameharibu bakuli zuri, ukanibana vidole ninyamaze. Nilikiona kikombe kile, nikaliona tundu lile, na bakuli la Bibi halikunijia kichwani hata kidogo. Siku hizi kwetu ni misalaba ya saruji na mashada ya plastiki, mtu unasahau. Lakini sijitetei kwa hilo.

Wiki iliyofuata pikapu ilikuja ikachukua magunia ya makopo na bati kuyapeleka Makambako. Wiki moja baadaye, tukiwa tumekaa nje ya ghala la kikundi tunakunywa uji, akaja mama mmoja mzee sana na fimbo. Anaitwa Mama Enea. Umri wake ni wa kuitwa bibi na kila mtu, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo. Enea alikuwa mtoto wake wa pekee, alikufa na miaka sita, zamani, wakati watu wachache walikuwa wakiishi kule juu kabla hawajashuka kijijini. Mama huyo huenda kaburini mara moja kwa mwaka, maua yakichanua, akang'oa majani, akarudi.

Hakutusalimia. Akauliza, "Nani amechukua kikombe cha mwanangu?"

Mama mmoja akasema, "Labda ni wageni, Mama. Wageni wanaokota kila kitu."

"Wageni wanaacha vitu," akasema. "Wanaookota ni ninyi."

Nikasimama. Nikasema ni mimi.

Akanitazama, ingawa macho yake yana ukungu na nadhani aliona umbo tu. "Wewe ndiye yule wa Makambako?"

"Ndimi, Mama."

"Kwenu hamziki?"

"Tunazika, Mama."

"Basi nirudishie."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Nilimwahidi. Siku hiyo hiyo nilipanda kilimani nikampigia dereva wa pikapu, akaniambia ameshashusha mzigo katika yadi ya chuma chakavu pale Lyamkena. Akaongeza kwamba vijana wa yadi hiyo wanakunywa chai kwa mama mmoja anayechoma vitumbua karibu na lango. Dada, alikuwa anakutaja wewe na hajui. Hapo ndipo nilipokupigia mara ya kwanza, na nikakata. Ningekuambia nini? Kwamba mdogo wako ambaye hata mwaka haujaisha tangu azike mke wake amepora kaburi la mtoto?

Mama Enea akaanza kuja kila siku. Anakaa juu ya jiwe nje ya ghala, shuka limemfunika kichwa, mvua inyeshe isinyeshe. Hasemi kitu. Nikipita ananiuliza, "Bado?" Namjibu, "Bado, Mama." Akaanza kukohoa. Siku ya sita Mama Neema akanivuta pembeni.

"Utamuua huyu mzee na ahadi zako," akasema. "Kikombe ni kikombe. Nyumbani kwangu kuna cha bluu. Kitoboe, mpe, akalale ndani."

"Si chake, Mama Neema."

"Haoni."

"Mimi naona."

"Basi fumba macho, Baba Gunia."

Nilikataa siku hiyo. Kesho yake nilimkuta Mama Enea anatetemeka mpaka fimbo inagonga jiwe. Nikaenda kwa Mama Neema nikachukua kikombe. Nilikitoboa mchana kweupe, mezani kwangu, kwa msumari na jiwe. Nikauzungushia mkono wake waya kama ulivyokuwa ule wa kwanza, nikakisugua kwa mchanga, nikakifukia kwenye majivu yaliyolowa siku mbili kipate kutu. Nilikuwa nafanya kwa makini kama mtu anayefanya jambo jema.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakizungusha, akapapasa mdomo wake, mkono wake, kitako chake. Akaingiza kidole cha mwisho kwenye tundu, kikagoma.

"Tundu limekuwa dogo," akasema.

Mama Neema akadakia, "Ni baridi, Mama. Huko Makambako kulivyo na upepo, hata sufuria zinasinyaa."

Akina mama wakacheka. Mama Enea naye akacheka, meno mawili, kama msichana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Na mimi nilicheka, dada. Nakuandikia ili ujue kwamba nilicheka.

Akasema mkono uliokichukua ndio ukirudishe. Basi nilimbeba mgongoni mpaka kwenye kile kilima cha kaburi, ni mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Nilikiweka, mdomo chini. Akapiga magoti, akasali kwa Kikinga, sikuelewa isipokuwa jina la Enea na jina langu. Alinitaja katika sala yake. Alipomaliza akaniuliza, "Wewe umemzika mkeo. Umemwekea nini?"

"Tumeweka msalaba, Mama."

"Msalaba ni wa Mungu. Cha kwake yeye kiko wapi?"

Unajua kilipo, Fausta. Siku ya kugawa vitu vya marehemu uliniambia nibakize kimoja, hata kitana. Nikasema vyote viende, sitaki kuona kitu. Wewe ukanitazama tu. Gauni la kanisani alichukua dada yake, vyombo vikaenda kwa shangazi zake, kitana sijui. Mama Enea akanipapasa uso akakuta umelowa, akadhani nalia kwa ajili ya Yusta tu. Jioni ile akaniletea njegere za kumenya, sinia zima, kwa kunishukuru. Nilizila zote. Zilikuwa tamu.

Ningeweza kuishi na hilo, labda. Watu wanaishi na mengi. Lakini kikohozi hakikuisha. Wiki mbili sasa amelala. Zahanati walimpa dawa, mke wa mpwa wake ndiye anayemuuguza. Mara mbili nilikwenda nikiwa nimejipanga kumwambia ukweli. Mara ya kwanza nyumba ilikuwa imejaa watu. Mara ya pili tulikuwa wawili, nikasema, "Mama, kuhusu kile kikombe," naye akaweka mkono wake juu ya wangu akasema, "Kimenifanya nilale usingizi, baba." Nikamfunika shuka, nikaondoka.

Juzi aliwaita ndugu zake na mimi akaniita. Akasema hatazikwa kule juu, anajua haiwezekani tena tangu uwanda uwe hifadhi, azikwe makaburi ya kijiji. Lakini kikombe cha Enea kishushwe, kiwekwe juu ya kaburi lake yeye.

"Enea alikuwa mtoto wa kupotea njia," akasema. "Nikimtuma jirani, anafika mtoni. Akija kunitafuta hatalijua kaburi. Kikombe atakijua."

Dada, umeelewa? Mtoto huyo hatakijua. Sijui wewe unaamini nini kuhusu wafu, na mimi mwenyewe nikiwa kanisani naamini hivi na nikiwa peke yangu naamini vile. Lakini mama huyu ataingia kaburini akiamini kwamba mwanawe anakuja, na juu yake kitakuwa kimelala kikombe cha Mama Neema nilichokitoboa mimi kwa msumari. Nikilifikiria hilo nikiwa nafagia, nakaa chini. Wageni wananiuliza kama naumwa.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Uende yadi, siku hiyo hiyo barua itakapokufika, uache vitumbua. Vijana wale wanakuheshimu, watakuruhusu. Dereva aliniambia bati dogo dogo hurundikwa ukutani mpaka lori kubwa la Dar es Salaam lije, kwa hiyo huenda bado lipo. Magunia yetu ni meupe, yamefungwa kwa vipande vya kitenge, na yameandikwa herufi U kwa mkaa. Kama yameshamwagwa, tafuta kikombe cha bati cha bluu, kimo chake hakizidi kidole chako cha kati. Ndani kilikuwa cheupe. Mdomoni kimebanduka rangi mahali pamoja, umbo la haragwe. Mkono wake ulivunjika zamani ukafungwa kwa waya, mizunguko minne au mitano. Tundu lake linapitisha kidole cha mwisho, na kingo zake zimeingia ndani, maana kilitobolewa kutokea chini. Changu nilikitoboa kutokea juu. Hata hilo nilikosea.

Wakikuuliza ni cha nini, waambie ni cha mtoto wa ndugu yako. Si uongo mkubwa. Nimeshajihesabu ndugu.

Ukikipata, usikioshe. Kifunge kwenye kitambaa umpe Festo, dereva wa lori la viazi aliyekuletea barua hii. Yeye anarudi huku Ijumaa kupitia Njombe, na nimemwomba apite kwako kabla ya kuondoka. Usipokipata, nakusihi usininunulie kinachofanana. Najua moyo wako, ungefanya hivyo ili nipumzike. Cha uongo ninacho tayari. Nitumie karatasi yenye neno moja tu, hakipo.

Mama usimwambie. Mwambie tu nasali, na kwamba lile sweta alilofuma nalivaa ndani ya koti. Msalimie shemeji Gaudensi, na wapwa zangu wote watatu, yule mkubwa mwambie mjomba amefurahi kusikia ameanza ufundi. Msalimie mama mkwe wangu ukimwona sokoni, hata kama hataitikia. Anayo haki. Na katekista wetu, mwambie aniweke kwenye nia ya Misa bila kuuliza sababu. Ukipita Mahongole, uning'olee majani kaburini kwa Yusta.

Nilitaka kuishia hapo, lakini wakati Festo anapakia viazi amekuja mke wa mpwa wake Mama Enea. Anasema mzee ameamka na akili timamu, amekula vijiko viwili vya uji, na anataka kukishika kikombe. Ananitaka nikampelekee sasa hivi. Nimekwenda mbio kaburini kwa Enea nikakichukua. Kiko hapa mezani, kimelowa umande, kando ya karatasi hii. Siwezi kumpa mara ya pili, dada. Mara ya kwanza nilisema ni kwa ajili ya baridi na kikohozi. Leo nitasema ni kwa ajili ya nini? Na nikimwambia, huenda neno langu ndilo litakalommaliza, na atakwenda bila cha uongo wala cha kweli. Ijumaa ni mbali. Sijui kama anayo Ijumaa.

Festo anapiga honi. Naandika hapa maneno ninayokwenda kumwambia, nione kama mkono wangu unaweza kuyaandika.

Mama, hiki si kikombe cha Enea.

Mkono umeweza. Uniombee mdomo.

Mdogo wako,
Oresti